Menyu fupi ndiyo dalili ya jiko zuri? Uzi wa walaji wanaozunguka dunia

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Wale ambao tukitua mji mgeni tunauliza kwanza watu wanakula wapi, halafu ndiyo tunakumbuka kuulizia pa kulala, tukutane hapa. Nataka tutajiane migahawa tuliyoikuta safarini na milo ambayo mpaka leo haijatutoka. Ila sitaki orodha kavu. Taja mahali, sema ulikula nini, kisha utueleze kwa nini unadhani kilikuwa kizuri. "Mandhari ilipendeza na nilikuwa na watu wangu" haihesabiki. Kwa hali hiyo hata biskuti ingekuwa tamu.

Naweka msimamo wangu mapema ili mpate cha kubishia: karibu kila nilipokula chakula kikanifanya ninyamaze mezani, menyu ilikuwa fupi. Sahani moja, mbili, zikizidi sana nne.

Chukua Napoli. L'Antica Pizzeria da Michele ni ya familia ya Condurro, wamo kwenye kazi hii tangu 1870, na kwa miongo mingi jina lake limesimama juu ya piza mbili tu. Marinara, yenye nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, haina jibini. Na margherita. Unachukua namba mlangoni, unasimama barabarani na umati, ukiitwa unakaa penye nafasi hata kama meza ina watu usiowajua. Piza inakuja imevuka ukingo wa sahani. Tanuri la kuni la kule linapashwa hadi nyuzi 430 za Selisiasi na zaidi, kwa hiyo piza inakaa humo sekunde 60 hadi 90, basi. Pembeni inavimba na kupata madoa meusi, katikati inabaki laini yenye majimaji, ukiinua kipande kinalala. Aliyezoea piza ya kuvunjika atalalamika kwamba haijaiva. Imeiva.

Sasa fikiria yule bwana wa kwenye tanuri. Kutwa nzima anapitisha mikononi unga uleule, anajua leo unyevu wa hewa umeufanya unate zaidi ya jana. Nyanya haipati muda wa kulala kwenye friji. Hakuna anayekimbia kutafuta pakiti ya kitu kilichoagizwa mara moja kwa mwezi. Mwaka 2017 UNESCO iliingiza sanaa ya wapika piza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, na mimi nikasema walichelewa.

Hanoi kuna mfano mkali zaidi. Chả Cá Lã Vọng, tangu 1871, wanauza kitu kimoja: samaki. Hata hujaagiza, wanakuletea jiko dogo mezani, kikaango kinachochemka mafuta, vipande vya samaki vilivyopakwa manjano, rundo la majani mabichi na vitunguu vya majani. Unatumbukiza majani mwenyewe, yanasinyaa, unayaweka juu ya tambi za mchele, unanyunyizia karanga, unamalizia na mchuzi wa uduvi uliochachushwa. Huo mchuzi una harufu ya kumtoa nyoka pangoni, lakini bila huo sahani haijakamilika. Mtaa wenyewe ulipewa jina la chakula hicho. Hebu niambieni ni mpishi gani mwingine aliyepika kitu mpaka mji ukabadilisha jina la barabara.

Karibuni tubishane.

#2

Mkuu, uzi mzuri ila hoja yako inachechemea. Ulishawahi kuingia kwenye cha chaan teng, zile nyumba za chai za Hong Kong? Menyu iko chini ya kioo cha meza, nyingine imebandikwa ukutani, nyingine juu ya kaunta. Supu ya makaroni na nyama asubuhi, mkate wa mayai uliokaangwa, wali uliookwa na nyama juu, tambi za kila namna, mkate mtamu uliowekwa donge la siagi baridi katikati, na chai nzito ya maziwa iliyochujwa kwa mfuko mrefu wa kitambaa mpaka inakuwa rangi ya udongo. Vitu mia na zaidi. Na chakula kinafika kabla hujamaliza kujiuliza kama umeagiza sahihi.

Siri nimeiona kwa macho, maana nilikaa karibu na mlango wa jikoni. Sahani mia, lakini misingi haifiki kumi. Mchuzi uleule, nyama ileile, yai lilelile, vinapangwa upya. Kwa hiyo ukiniambia menyu fupi nakuuliza: fupi kwenye karatasi au fupi jikoni?

Angalizo kwa mgeni: wahudumu hawana muda wa kukubembeleza. Ukikaa jua unachotaka. Utachanganywa meza na watu, na hakuna atakayekusalimu, wala si dharau.

#3

Fupi kwenye karatasi au fupi jikoni, hapo #2 umemaliza kesi 😂

#4

Mimi mwanamke nasafiri peke yangu mara nyingi, na mlo ninaoukumbuka kuliko yote haukuwa na menyu kabisa, wala bili. Ni Amritsar, India, kwenye Hekalu la Dhahabu la Masingasinga. Jiko lao linaitwa langar, liko wazi usiku na mchana, na analishwa yeyote aliyefika: awe wa dini yoyote, awe hana dini, awe na pesa au hana. Wanalisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Utaratibu huu wa kula pamoja ulianzishwa na Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, kipindi ambacho India mtu wa tabaka moja hakuweza kukaa kula na wa tabaka jingine.

Unavua viatu, unanawa miguu, unafunika kichwa, unakabidhiwa sahani ya chuma. Mnakaa chini kwa safu kwenye mikeka mirefu, aliyekuja na dereva wake amekaa bega kwa bega na mwombaji. Wanapita wenye ndoo: dengu, mboga, wali wa maziwa. Chapati hupewi sahanini, unakinga viganja viwili inadondoshwa. Ukitaka nyingine kinga tena, hakuna anayekukodolea macho. Chakula chote hakina nyama, ili asiwepo wa kushindwa kula.

Mleta uzi ulisema tueleze kwa nini kilikuwa kizuri. Dengu ile ilikuwa imechemka taratibu kwenye sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuogea, na dengu haiharakishwi. Ikikaa juu ya moto saa nyingi inavunjika yenyewe na kuwa nzito bila kutiwa kitu. Jikoni kwako huwezi kupata ile ladha kwa nusu kilo. Na kelele! Ukitoka unapita wanapooshea sahani, mamia ya sahani za chuma zinagongana kwa wakati mmoja. Wanaoosha ni watu wa kujitolea, nawe ukitaka unakunja mikono unaingia. Niliingia. Aliyekuwa pembeni yangu alinionyesha kwa ishara kwamba nasugua polepole mno, nakwamisha foleni.

#5

Dada wa #4 umenigusa. Lakini jamani, sisi tusiogusa nguruwe mbona nchi nyingi mnazozisifia ni mtihani? Nakwenda China kikazi na kila ninayemuuliza ananiambia "beba tende."

#1 Mleta uzi

Mkuu wa #5, acha tende. China ina Waislamu wa jamii ya Hui waliotawanyika karibu kila mkoa, na popote walipo kuna mgahawa wao wa tambi. Angalia ubao wa kijani wenye neno la Kichina 清真 (qingzhen), yaani halali; yale maandishi ya Kiarabu yameondolewa sehemu nyingi. Hata kwenye miji mikubwa ya pwani hutembei sana bila kuuona.

Ukipata nafasi ya kufika Lanzhou, mkoa wa Gansu, fika. Tambi za ng'ombe za pale zimepata umbo lake la sasa kwa mpishi wa Kihui aliyeitwa Ma Baozi, mwaka 1915. Bakuli lake lina masharti matano na wenyeji wanayakariri kwa rangi: supu iwe angavu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani yawe ya kijani, tambi ziwe za manjano. Ukiletewa supu yenye ukungu umepotea mgahawa.

Lakini burudani iko dirishani. Mvutaji anashika donge la unga, analivuta mikono ikitanuka, analikunja katikati, anavuta tena. Kila akikunja nyuzi zinaongezeka maradufu. Kunja mara nane uone hesabu: una nyuzi 256 zilizotoka kwenye donge moja, na halijaguswa na kisu. Hasa hii ndiyo sababu ya menyu yao kuwa na sahani moja na bado ikawa na machaguo: huagizi chakula, unaagiza upana. Kuna nyembamba za unywele, kuna za mviringo za wastani, kuna bapa, kuna pana kama mkanda wa suruali. Na ladha inabadilika kweli, kwa sababu tambi nyembamba inabeba supu nyingi na pana inakupa unga wa kutafuna. Wenyeji wanazila asubuhi. Supu imechemka usiku kucha, ikifika mchana imeshaongezwa maji, mwenye kujua haagizi bakuli la saa kumi jioni.

Kisha panda treni uende Xi'an, mtaa wa Waislamu. Agiza yangrou paomo, supu ya kondoo na mkate. Wanakuletea bakuli tupu na mikate migumu. Usiduwae, kazi ni yako: unaumegamega mkate kwa vidole mpaka vipande viwe vidogo kama punje za maharage. Mgeni anamega vipande vikubwa kwa uvivu, mhudumu anamtazama kwa huruma. Ukimaliza wanachukua bakuli lako na namba yako, linakwenda jikoni, linarudi limemiminiwa supu, nyama na tambi za uwanga, pamoja na vitunguu saumu vilivyolala kwenye siki na sukari. Mkate ule haujachacha sawasawa kwa makusudi, ndiyo maana hauyeyuki kwenye supu. Unanyonya na kubaki na mgongo. Wazee wa pale wanamega huku wakipiga soga, hakuna anayeangalia saa.

Na wewe #2, jibu lako: fupi jikoni. Lakini Hong Kong bado umenisaidia mimi, maana umekiri misingi haifiki kumi.

#2

Sijakiri kitu. Nitarudi na Istanbul.

#6

Mnaongelea migahawa, mimi naleta chakula ambacho jiko lake hata si la mgahawa. Marrakesh, Morocco. Kuna kitu kinaitwa tangia, na chungu chake kina jina hilohilo. Kinatiwa nyama ya ng'ombe yenye mishipa, ndimu ya chumvi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, zafarani na samli iliyokomaa. Mdomo unafunikwa kwa karatasi na kufungwa uzi. Halafu chungu hakirudi nyumbani, kinapelekwa kwenye bafu la umma. Bafu lile la mvuke lina tanuri chini yake la kuchemshia maji, na mtunza moto anafukia vyungu vya watu kwenye majivu ya moto pembeni. Kinakaa saa nyingi, mara nyingine usiku kucha.

Ni chakula cha mafundi wa sokoni, wanaume waliokuwa wanapeleka chungu asubuhi wanakwenda kufanya kazi, wakirudi nyama imeachia mfupa. Mwenyeji aliyenipokea alinipitisha mpaka kwa huyo mtunza moto, kijishimo cheusi hukioni ukiwa barabarani, na jamaa anajua chungu kipi ni cha nani bila kuandika popote. Joto halibadiliki kwa sababu bafu lazima liwe na maji ya moto kutwa. Mpishi wa kisasa ananunua mashine ya umeme kupata kitu hicho.

Mwenye kupenda mambo hayo aende pia Furnas, kisiwa cha São Miguel huko Azores, visiwa vya Ureno. Masufuria yanafukiwa kwenye ardhi ya volkano kando ya ziwa asubuhi, baada ya kama saa sita yanavutwa juu: nyama, soseji, kabichi, viazi, vyote pamoja. Mimi sikukipenda sana, kabichi ilitawala. Ila kuona sufuria ikitolewa ardhini inafuka mvuke, hapo safari ilijilipa.

#7

Tuzungumzie nyota za Michelin, maana watu wanazifuata kama dira. Kumbukeni kile kitabu cha kupima migahawa kilianzishwa na kampuni ya matairi mwaka 1900, ili wenye magari wasafiri zaidi. Nyota zilikuja 1926. Maana ya nyota tatu mpaka leo ni kwamba mgahawa unastahili safari ya makusudi. Biashara ya matairi haswa!

Singapore ndiko nilikoona nyota inachofanya. Serikali yao iliwatoa wachuuzi barabarani miaka ya 1970 na 1980 ikawaweka kwenye majengo yenye maji na paa, kila mmoja na kibanda chake. UNESCO iliutambua utamaduni huo mwaka 2020. Mwaka 2016 vibanda viwili vilipewa nyota. Kimoja cha kuku wa mchuzi wa soya, kikapanuka na kufungua matawi nchi nyingine, mwaka 2021 nyota ikaondoka. Kingine ni Hill Street Tai Hwa, tambi za nyama ya nguruwe na siki nyeusi, hiki kimebaki palepale, bakuli moja moja, mwenye njaa asubiri. Mimi nilisubiri. Siki ile inakata mafuta ya nyama, halafu kinakuja kipande cha samaki mkavu kinavunjika mdomoni. Naona hapo mleta uzi anapata pointi moja.

Mexico City nako, 2024, nyota ilikwenda El Califa de León, kibanda cha taco mtaa wa San Rafael kilichoanza 1968. Nafasi yote unaweza kuivuka kwa hatua chache. Taco aina nne, na iliyokipa jina ni gaonera: mnofu wa ng'ombe uliokatwa mwembamba, unatupwa kwenye bamba la moto, chumvi, ndimu, unafungwa kwenye mkate wa mahindi uliokandwa muda huohuo. Unakula umesimama. Joto la lile bamba kwenye kijichumba kile sitaki hata kulikumbuka, na bado mpishi anageuza nyama kana kwamba yuko kwenye kiyoyozi.

Ushauri wangu: kibanda kikishapata nyota, nenda saa ya ajabu, si saa ya kula. La sivyo kula kwa jirani yake. Kwenye hivyo vituo vya Singapore jirani mara nyingi hana foleni na amekuwepo miaka ileile.

Na ukimaliza rudisha trei, kule kuacha sahani mezani kunaweza kukuletea faini.

#8

Lima, Peru. Ceviche saa sita mchana. Samaki mbichi, maji ya ndimu, chumvi, pilipili, kitunguu chekundu, mahindi punje kubwa pembeni. Jioni usihangaike, cevichería nyingi zimeshafunga, kwa sababu samaki ni wa alfajiri na mila yao hawamli baada ya mchana. Sina la kuongeza, nendeni.

#9

Swali la kiuoga: matumbo yenu yanahimili vipi? Nikila barabarani siku ya kwanza, ya pili naiangalia nchi ya watu kupitia dirisha la choo.

#4

#9 pole 😂 Mimi naangalia mambo machache. Kibanda chenye wanafunzi na wazee, si watalii watupu. Chakula kinachopikwa mbele yangu kikaletwa kinafuka, kuliko kile cha kwenye bafe kilichopashwa joto kidogo tangu asubuhi. Bakteria wanapenda uvuguvugu. Matunda nanunua yenye maganda namenya mwenyewe. Barafu inategemea nchi: Thailand ile ya mapipa madogo yenye tundu katikati inatoka kiwandani, siiogopi. Na anayepokea pesa asiwe ndiye anayeshika chakula, hapo nakuwa mkali.

Bangkok kuna mama maarufu, Jay Fai, anapika kwenye moto wa mkaa amevaa miwani mikubwa ya wanaoteleza kwenye theluji ili mafuta yasimrukie machoni. Kimanda chake kimejaa nyama ya kaa mpaka kinakuwa gogo. Barabarani vilevile, lakini kile kikaango kilivyo na moto, sijui mdudu gani angetoka salama.

#2

Nimerudi. Istanbul, upande wa Asia, Kadıköy, mgahawa wa Çiya Sofrası. Mpishi wake Musa Dağdeviren amezunguka Anatolia miaka mingi akikusanya mapishi ya vijijini yaliyokuwa yanapotea, na anachopika kinabadilika kwa msimu na kwa siku. Leo kuna kitoweo cha kondoo na matunda mabichi ya chachu, kesho hakipo. Kuna majani ya porini ambayo hata Waturuki walio mezani wanaulizana ni nini. Hiyo si menyu fupi mkuu, hiyo ni nchi nzima, na ni chakula bora nilichokula Uturuki.

#1 Mleta uzi

Vyungu vingapi kwa siku? Vikiisha wanapika tena?

#2

Vikiisha vimeisha. Na najua unakokwenda na swali hilo, sikupi hiyo pointi. Bwana wa Napoli anarudia kitu kimoja maisha yake yote, huyu hataki kurudia. Ni vipaji viwili tofauti, na nikilazimishwa kuchagua meza moja nachagua ya huyu.

#5

Nina mapumziko ya saa nyingi Istanbul nikielekea China. Huko Kadıköy naweza kwenda na kurudi? Na kuna halali?

#2

Nchi ya Waislamu mkuu, uliza tu kuhusu pombe kama inakusumbua. Ukishafika mjini panda feri Eminönü au Karaköy, unavuka mlango wa bahari kwa muda mfupi, chai inauzwa humo humo. Ukishuka ingia ndani ya soko la samaki, uliza mtaa wa Güneşlibahçe. Wana milango zaidi ya mmoja mtaa huohuo, mwingine ni wa kebabu. Wewe tafuta wenye vyungu. Vya baridi unajipakulia wanapima kwa uzito, vya moto unamwonyesha mpishi kwa kidole, na ukitaka kuonja anakupa kijiko. Fika kabla ya saa saba mchana vyungu vikiwa vimejaa. Acha nafasi ya vitu vitamu: wana bilingani, jozi na hata zeituni zilizopikwa kwenye sukari. Zeituni agiza kidogo kwanza.